Mbwa mchanga wa aina ya berger: namna ya kumlea na kumfundisha Lac Vert, kutoka parsele mpaka mashindano

Kule kartye ya Lac Vert, upande wa magaribi ya mji wa Goma, mtu akipata kitoto cha mbwa wa aina ya berger, fikra ya kwanza mara nyingi ni ulinzi. Wanamfunga mnyororo kwa mlango, wanangoja akomae na abweke. Miezi inapita, mbwa anakuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa watoto wa nyumba, na siku mnyororo unakatika jirani analia. Hapo wanasema mbwa iko mubaya. Lakini mara nyingi shida ilianza kwa malezi.

Berger ni mbwa wa kazi. Wazee wake walitengenezwa kwa kuchunga mifugo, kusikia sauti ya mchungaji toka mbali na kukimbia siku nzima. Ndiyo maana katika inchi nyingi watu wanamfundisha michezo ya mashindano: kuruka vizuizi, kufuata harufu, kutii amri, kuongoza kondoo. Hata kama Lac Vert hakuna kiwanja cha mashindano, malezi yanayotayarisha mbwa wa mchezo ndiyo yale yale yanayofanya mbwa wa nyumba awe salama. Makala hii inaeleza hatua hizo, pamoja na hatari mbili ambazo wakaaji wa hapa wanapashwa kuzijua kabla ya yote: kichaa cha mbwa na mazuku.

Mbwa hawa walitoka wapi

Jina «berger» ni la Kifaransa, maana yake mchungaji. Kwa aina zinazojulikana zaidi Goma, mbili zinaongoza.

Ya kwanza ni berger wa Ubelgiji, hasa Malinois, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya kahawia na uso mweusi. Katika mwaka wa 1891, profesa Adolphe Reul wa shule ya madaktari wa wanyama ya Cureghem, karibu na Bruxelles, alikusanya mbwa wa wachungaji 117 ili kuona wanafanana namna gani. Toka hapo wakagawanywa kufuatana na manyoya yao. Jina Malinois linatoka kwa mji wa Malines. Dume anafika kimo cha sentimeta 62 hivi na uzito wa kilo 25 mpaka 30.

Ya pili ni berger allemand. Mwaka wa 1899, afisa Max von Stephanitz alinunua mbwa mmoja aliyeitwa Horand, na shirika la wafugaji wa aina hiyo likaanzishwa Ujerumani mwaka ule ule. Dume anafika sentimeta 60 mpaka 65 na kilo 30 mpaka 40.

Aina ya tatu, Border Collie, inasikika zaidi kwenye televisheni kuliko hapa kwetu. Ni mbwa wa milima ya mpaka kati ya Uingereza na Scotland. Moja ya mashindano ya kwanza ya mbwa wa kondoo yanayojulikana yalifanyika Bala, inchi ya Wales, mwaka wa 1873.

Kwenye milima ya Masisi, wachungaji wanaongoza ngombe kwa fimbo, mluzi na sauti, na mbwa akiwepo kazi yake zaidi ni kulinda. Kwa hiyo berger anayefika Lac Vert anakuja na tabia ambayo mwenye kumlea pengine hajawahi kuiona: anafuata kila kitu kinachotembea. Moto, chukudu, mbuzi, mtoto anayekimbia na bidoni. Anapenda kuzunguka na kuuma kisigino. Hiyo si roho mbaya, ni kazi ya wazee wake inayotafuta fasi ya kutokea.

Kuchagua kitoto

Kitoto kisitoke kwa mama mbele ya wiki nane. Macho yanafunguka siku ya 10 mpaka ya 14, na toka wiki ya tatu anaanza kujifunza kwa mama na ndugu zake namna ya kucheza bila kuuma kwa nguvu. Anayeuzwa na wiki nne au tano anakosa somo hilo, na mwenye kumnunua ndiye atalipa kwa vidole vyake.

Mbele ya kutoa franka, angalia mama yake. Kama mama anaogopa watu sana au anawarukia wote, watoto wanaweza kurizi hali hiyo. Kitoto kizuri kinakuja kwako, macho makavu, mapua safi, tumbo halikuvimba kama ngoma. Tumbo kubwa lenye mbavu zinazoonekana ni alama ya minyoo.

Chanjo na dawa

Kichaa cha mbwa, ambacho wengi wanaita «rage», kinaua karibu kila mtu anayeanza kuonyesha dalili zake. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu 99% ya watu wanaokipata, wamekipata kwa mbwa. Hakuna dawa ya kuponya mtu dalili zikiisha kuanza. Lakini chanjo inazuia, kwa mbwa na kwa mtu.

Kalenda ya kawaida ambayo madaktari wa wanyama wanafuata iko hivi:

– Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka miezi mitatu, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, kisha kila miezi mitatu.
– Chanjo ya parvo na magonjwa mengine ya watoto wa mbwa kwenye wiki ya 8, ya 12 na ya 16. Parvo inaharisha damu na inaweza kuua kitoto kwa siku chache.
– Chanjo ya kichaa toka miezi mitatu, na kurudilia kila mwaka ama kufuatana na maandiko ya daktari.

Karatasi ya chanjo itunzwe vizuri kama karatasi ya kuzaliwa ya mtoto. Siku mbwa anamuuma mtu, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata mdogo, hata wa nyumba: aoshe kidonda mara moja na maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Asipake mafuta, pilipili wala majani, na asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Chakula: fufu peke yake haitoshi

Kitoto cha berger kinakomaa upesi, na mifupa yake inahitaji nyama au samaki. Fufu ya mihogo inashibisha tumbo lakini haijengi mwili. Kwa familia isiyoweza kununua chakula cha mbwa cha duka, inawezekana kuchanganya unga wa mahindi au mchele uliopikwa vizuri na sambaza au ndagala, vichwa vya samaki vilivyosagwa, mayai, soja iliyopikwa, na boga au karoti kidogo. Chumvi na pilipili, hapana.

Mpaka miezi minne apewe mara tatu ao ine kwa siku, kisha mara tatu mpaka miezi sita, na nyuma ya hapo mara mbili. Maji safi yawepo saa zote, hata kama yanatoka mbali na bidoni.

Asipewe mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, kwani inavunjika kama sindano na kutoboa tumbo. Kitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Na asineneshwe: mbwa mchanga mzito anaharibika magoti na nyonga mapema. Ukipitisha mkono kwa mbavu, unapashwa kuzisikia bila kukandamiza.

Mazuku: hatari ya hapa kwetu

Lac Vert ni ziwa dogo ndani ya shimo la volkano ya zamani, na kartye yote imekaa juu ya mawe ya volkano. Kwenye pande hizi, toka Lac Vert, Mugunga na Bulengo kuelekea Sake, kuna fasi ambazo gazi ya kaboni inatoka ndani ya udongo. Watu wanaiita mazuku, upepo mbaya. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajilaza ndani ya mabonde na mashimo kama maji ndani ya sahani. Usiku na asubui na mapema, upepo ukiwa umetulia, inajaa. Jua na upepo vikija, inapungua.

Hewa ya kawaida ina kaboni hiyo kwa 0,04% tu. Ikifika 10%, hata mtu mzima anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache. Sasa fikiri kitoto cha mbwa: mtu anasimama na mapua yake mita moja na nusu juu ya ardhi, kitoto kinatembea na mapua sentimeta 20 juu ya ardhi, kinanusa kila shimo. Mwenye mbwa anaweza kusimama pembeni bila kusikia kitu, na mbwa wake ameisha anguka.

Kwa hiyo, mwenye kufundisha mbwa hapa afuate mambo haya:

– Asifundishe ndani ya shimo ao bonde, hasa mbele ya jua kupanda.
– Aulize wazee wa avenyu ni fasi gani mbuzi, kuku ao ndege walikutwa wamekufa bila kidonda. Wadudu na panya waliokufa mahali pamoja ni alama.
– Mbwa awe kwenye kamba kila mara anapopita fasi asiyoijua.
– Kama mbwa ameanguka ndani ya shimo, mtu asishuke kumtoa. Kuna watu waliokufa namna hiyo, mmoja akimfuata mwingine. Mvute na kamba toka juu kama iko, kama haiko muache. Uchungu wa mbwa unapona, wa mtoto wa mtu haupone.

Wiki za kwanza: kujua dunia

Toka wiki ya tatu mpaka ya 14 hivi, kichwa cha mbwa kinapokea dunia. Kitu alichokiona kwa amani wakati huo, hatakiogopa akiwa mkubwa. Kile ambacho hajakiona, kinaweza kumtia woga ao ukali maisha yote.

Berger wa Lac Vert apashwa kujua moto na chukudu, mvua kwa mabati, mama mwenye mzigo kichwani, mzee mwenye fimbo, mtu mwenye kofia, watoto wengi wakipiga kelele, kuku na mbuzi. Namna ya kufanya ni rahisi: msimame mbali, umpe kipande cha sambaza akiangalia bila kubweka, kesho msogee kidogo. Akiweka mkia katikati ya miguu, umekaribia sana, rudi nyuma. Mbele ya chanjo kumalizika, mbebe mkononi, asinuse kinyesi cha mbwa wengine.

Sauti kubwa zinahitaji uangalifu. Katika 2023 na 2024, kambi za wahamishwa zilijaa pande hizi, na milio ya silaha ilisikika mara nyingi. Mbwa anayetetemeka kwa mlio hapigwi wala hafukuzwi. Apewe fasi ya kujificha, mwenye mbwa akae kimya karibu naye. Na kwa kuwa majirani wengi wamepita mambo magumu, si haki kumwachilia mbwa mkubwa atembee ovyo njiani. Mtoto aliyekimbia vita hapashwi kukimbia tena mbwa wa jirani.

Amri za kwanza

Watu wengi Goma wanasemesha mbwa kwa Kifaransa: «assis», «couché», «viens», «reste». Kiswahili kinafaa sawasawa: «kaa», «lala», «kuya», «ngoja». Jambo kubwa ni nyumba yote itumie neno moja. Baba akisema «viens», mama «kuya», na watoto «njo hapa», kitoto hakisikii amri hata moja.

Masomo yawe mafupi, dakika tatu mpaka tano, mara tatu kwa siku. Kitoto kinalala saa 18 ao zaidi kwa siku, na kichwa kilichochoka hakishiki kitu.

Zawadi ije mara moja. Mbwa akikaa, useme «ndiyo!» na kumpa kipande wakati ule ule. Ukichelewa mpaka amesimama, umemlipa kwa kusimama.

Amri ya kwanza kwa mbwa wa aina hii ni «kuya». Usimwite ili kumpiga, hata kama amekula sambaza za mama zilizoanikwa. Akijua kwamba kuja ni kuchapwa, siku anakimbilia njia ya Goma–Sake kufuata moto hatarudi.

Amri ya pili ni «acha». Shika chakula ndani ya ngumi. Akinusa na kukwaruza, nyamaza. Akirudisha kichwa nyuma, sema «ndiyo» na umpe kipande kingine kwa mkono mwingine. Somo hilo dogo ndilo litaokoa mbuzi wa jirani mwaka kesho.

Kwa kuuma vidole: usimpige kwa mdomo. Simama, nyamaza, geuka, mchezo umekwisha. Meno ya kwanza yanabadilika kati ya miezi ine na saba, kwa hiyo apewe kitu cha kutafuna, kama kamba nene ao nguo ngumu iliyofungwa fundo.

Fimbo inaweza kunyamazisha mbwa, lakini haimfundishi cha kufanya. Malinois anayepigwa sana anakuwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anauma bila kuonya.

Mwili kwanza, kuruka nyuma

Kosa la vijana wengi ni kutaka kitoto kiruke ukuta na miezi minne, ili wachukue video. Mifupa ya berger inamaliza kukomaa kati ya miezi 12 na 18. Mbele ya hapo, kuruka juu na kutua kwenye mawe ya volkano kunaharibu viungo, na mbwa atachechemea akiwa bado kijana.

Mpaka mwaka mmoja: atembee, apande kilima polepole, apite juu ya miti iliyolazwa chini, aingie ndani ya pipa lililofunguliwa pande mbili, asimame juu ya ubao mpana usiozidi kimo cha kiatu. Mawe yetu yanakata. Kila magaribi kagua miguu yake katikati ya vidole, osha na maji ya chumvi kidogo kama kuna mkwaruzo. Ukipata fasi ya udongo laini ao majani, shamba la mtu aliyekubali, ndiyo kiwanja bora.

Michezo yenyewe

Shirika la kimataifa la mbwa, FCI, lilianzishwa mwaka wa 1911 na lina makao yake Thuin, Ubelgiji. Linatoa kanuni za michezo mingi. Mitatu inafaa kueleweka.

Agiliti: mbwa anapita vizuizi kwa kufuata mkono na sauti ya mwenye mbwa, mbio na bila kosa. Kuna vya kuruka, bomba la kupita ndani, ubao wa kupanda na kushuka, na fimbo 12 za kupita kwa kuzunguka kama nyoka. Mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1978 Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, kwa kuiga mashindano ya farasi. Kwa kujizoesha Lac Vert, fimbo za mianzi na bidoni za manjano zinatosha. Mbwa hakubaliwi kwenye mashindano ya FCI mbele ya miezi 18.

IGP: mchezo wa sehemu tatu, kila sehemu pointi 100. Ya kwanza ni kufuata harufu ya nyayo, ya pili kutii amri, ya tatu ulinzi. Mbele ya hapo mbwa anafanya mtihani wa tabia njema akiwa na miezi 15 ao zaidi: kupita katikati ya watu, baiskeli na mbwa wengine bila fujo. Sehemu ya ulinzi isijaribiwe nyumbani. Kumchochea mbwa na gunia na kelele bila mwalimu ni kutengeneza hatari. Lakini harufu inaweza kuanza mapema: kanyaga hatua 20 kwenye udongo laini, weka kipande kidogo cha samaki kila unyayo, umwache anuse polepole akiwa na kamba.

Kuchunga: mbwa anapeleka kondoo kwa njia iliyopangwa, anawagawanya, anawaingiza ndani ya boma. Hapa mbwa hafunguliwi juu ya mbuzi wa kartye ili «kuona kama anajua». Kwanza awe na amri ya kusimama na ya kurudi bila kosa. Akifika miezi kumi hivi, kwa ruhusa ya mwenye mifugo, aingizwe na kamba ndefu kwa kondoo watulivu. Ngombe baadaye, kwani teke moja linavunja taya.

Kwa mwenye ndoto ya mashindano, fasi ya karibu inayojulikana ni Nairobi, ambako kuna East Africa Kennel Club. Kuvuka mpaka na mbwa kunaomba cheti cha chanjo ya kichaa na vibali vya idara za mifugo za inchi unazopitia, kwa hiyo ulizia mapema.

Mfano wa karibu: Rumangabo

Anayesema mbwa wa kazi ni mambo ya Wazungu aangalie Rumangabo, teritware ya Rutshuru. Hapo, Hifadhi ya Virunga ina kikosi cha mbwa toka 2011, kilichoanzishwa kwa msaada wa daktari wa wanyama kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Walianza na mbwa wa aina ya bloodhound, wenye mapua makali, wa kufuata nyayo za majangili ao za mtu aliyepotea. Baadaye wakaja spaniel, wa kutafuta pembe za tembo na silaha. Walinzi Wakongomani ndio wanaowaongoza, kuwalisha na kuwafundisha kila siku. Si berger, lakini njia ni ile ile: kuanza mapema, kuzoea kidogo kidogo, zawadi, na mtu mmoja anayeaminika.

Mambo ya kukumbuka

– Wiki 8: anatoka kwa mama, chanjo ya kwanza.
– Wiki 8 mpaka 14: aonyeshwe watu, sauti na wanyama kwa amani.
– Miezi 3: chanjo ya kichaa, kisha irudiliwe.
– Miezi 4 mpaka 7: meno yanabadilika, «kuya» na «acha» ziwe imara.
– Miezi 10: kuonja kazi ya mifugo, na kamba.
– Miezi 12 mpaka 18: kuruka kuanze polepole.
– Miezi 15 mpaka 18: mtihani wa tabia, kisha mashindano.

Berger anaishi miaka 10 mpaka 14. Mwenye kumchukua leo anaahidi chakula, chanjo na dakika kumi na tano za kila siku kwa muda wote huo. Kama familia haiwezi kwa sasa, si haya kukataa kitoto. Kama inaweza, ianze na mambo mawili ambayo hayangoji: karatasi ya chanjo, na kamba ya kumshika mbali na mashimo ya mazuku.